Manukato katika karatasi za chooni: harufu ya kuvutia na lebo isiyosema

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam; kati yao 1,346,674 walikuwa Temeke na 982,328 Kinondoni. Kwa mzalishaji wa karatasi za chooni na tishu za mezani, idadi hiyo ni soko lililo mlangoni pake. Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju ni maeneo ya nyumba mpya, shule, zahanati na migahawa ya mama lishe, na kote huko karatasi hununuliwa, hutumika, hununuliwa tena. Haishangazi kwamba uviringishaji na ukataji wa karatasi hizo unawavutia wajasiriamali wadogo. Malighafi hupatikana ikiwa rola kubwa, mashine haihitaji eneo pana, na bidhaa haiozi ghalani.

Ugumu huanza dukani. Karatasi ya huyu ni nyeupe na ya yule ni nyeupe, bei zinakaribiana, na mnunuzi hana muda wa kupima uimara wa kila rola. Hapo ndipo manukato yanapoingia. Rola yenye harufu ya waridi au limau hujitofautisha kabla hata kifungashio hakijafunguliwa, na katika mji wa pwani uliozoea udi, asumini na mawaridi, harufu nzuri huchukuliwa kuwa ishara ya usafi. Ni mbinu halali ya biashara. Swali ni nini kilichomo ndani ya harufu hiyo, na nani anamweleza mnunuzi.

Namna ya kuweka manukato si jambo dogo. Viwanda vikubwa vya nje hupendelea kuyatia katika mrija wa karatasi ngumu ulio katikati ya rola, harufu ikasambaa taratibu ndani ya kifungashio huku karatasi inayogusa mwili ikibaki karibu kama ilivyokuwa. Njia nyepesi zaidi, ambayo mwenye karakana ndogo anaweza kushawishika nayo, ni kupuliza manukato moja kwa moja juu ya karatasi wakati inaviringishwa. Gharama yake ni ndogo, lakini mafuta ya manukato hubaki juu ya karatasi, na karatasi hiyo hupita sehemu za mwili zenye ngozi laini kuliko zote.

Neno "manukato" lenyewe huficha mengi, kwani mchanganyiko mmoja waweza kuwa na kemikali kadhaa au makumi. Nyingi hazimdhuru mtu wa kawaida, lakini zipo zinazofahamika kusababisha mzio wa ngozi: muwasho, wekundu na vipele. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2005 kuwataka watengenezaji wa vipodozi kutaja kwa jina kemikali 26 za aina hiyo pale zinapozidi kiwango kilichowekwa, na mwaka 2023 ukaipanua orodha hiyo hadi zaidi ya 80. Hata hivyo, sharti hilo ni la vipodozi. Tishu zenye unyevu za kusafishia ngozi zinaingia humo; karatasi kavu ya chooni haimo, ingawa ngozi inayoguswa ni ileile. Kwa hiyo anayedhani kwamba nchi zilizotangulia zimekwisha kumaliza suala hili na kilichobaki ni kunakili kanuni zao, atakuta pengo lilelile.

Kwa Tanzania suala hili lina upande wa fursa pia. Kisiwani Pemba, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lina kiwanda cha makonyo huko Wawi, kinachokamua mafuta ya karafuu na ya mimea mingine yenye harufu, ukiwemo mchaichai. Mzalishaji wa Kinondoni au Temeke anayetafuta harufu ya kipekee hana lazima ya kuagiza manukato kutoka ng'ambo. Lakini asili ya mmea si kinga. Kiini kikuu cha mafuta ya karafuu ni eujenoli, na cha mchaichai ni sitrali. Zote mbili zimo katika zile 26 za mwanzo. Maneno "harufu ya asili" yaliyochapishwa kwa rangi ya kijani hayatamsaidia mwenye mzio wa eujenoli. Jina la karafuu likiandikwa waziwazi, litamsaidia.

Taasisi za kusimamia eneo hili zipo. Tangu Julai 2019, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo pia hutoa alama ya ubora kwa bidhaa za viwandani. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali husimamia kemikali za viwandani na majumbani, na Tume ya Ushindani humlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha. Mjasiriamali mdogo hupewa nafuu: akiwa na barua ya utambulisho kutoka SIDO, TBS humhudumia bila malipo katika kipindi cha awali. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokopa katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vina sababu ya kuianza safari hiyo mapema, kwa kuwa shehena iliyorudishwa na wateja kwa sababu ya malalamiko ya muwasho haisimamishi marejesho ya mkopo.

Kinachohitajika kwenye kifungashio ni kidogo: kwamba karatasi imetiwa manukato, na ni manukato gani. Wino wa mistari miwili hauongezi gharama ya kutisha. Pembeni yake, rola isiyo na harufu iendelee kuwepo dukani, kwa ajili ya mtoto mchanga, mwenye pumu na mwenye ngozi nyepesi kudhurika.

Kwa mnunuzi, harufu haielezi lolote kuhusu ubora. Yaweza hata kufunika ile ya karatasi iliyohifadhiwa penye unyevu. Idadi ya vipande, uimara wa karatasi inapolowa na alama ya TBS hueleza zaidi. Anayepata muwasho baada ya kubadili aina ya karatasi arejee isiyo na manukato, na hali ikiendelea afike kituo cha afya akiwa na kifungashio chake, ili mtaalamu ajue pa kuanzia.

Viwango vya TBS huandaliwa na kamati za kitaalamu, na rasimu hutolewa kwa umma ili zipokelewe hoja kabla ya kupitishwa. Wazalishaji wa Mbagala na Tegeta, pamoja na wateja wao, wanaweza kuitumia hatua hiyo kupendekeza sharti la kutaja manukato kwenye karatasi kavu.