Alipe Aliyekopa

Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna mtu wa pwani hii ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, anayebisha. Tunachokataa ni kulipishwa deni la wengine. Mwaka 2013 na 2014 wakubwa wa serikali Maputo walidhamini mikopo ya zaidi ya dola bilioni 2 kwa majina ya kampuni tatu. Mojawapo, Ematum, ilichukua dola milioni 850 kwa ajili ya kuvua jodari. Kuvua! Mvuvi wa Palma au wa Mocímboa da Praia, anayetweka tanga alfajiri na kushona jarife lake mwenyewe jioni, hakupata hata kamba ya nanga. Meli zilijengwa Ufaransa, zikaja kushika kutu bandarini Maputo.

Waliotoa fedha ni Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Mvuvi akiomba mkopo wa mashine ya boti huulizwa rehani, mdhamini na karatasi asizokuwa nazo. Kampuni zile zilipewa mabilioni kwa saini ya Waziri wa Fedha wa wakati huo, Manuel Chang, bila Bunge kuulizwa. Siri ya mikopo hiyo ilipofumuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili walifunga mkoba, sarafu yetu, metikali, ikaporomoka, bei ya mchele na mafuta ikapanda mpaka huku kwetu. Chang alihukumiwa New York Januari 2025, miaka 8 na nusu. Credit Suisse ilikubali mwaka 2021 kulipa kiasi cha dola milioni 475, zikaenda Marekani na Uingereza. Sisi tukaambiwa tumesamehewa dola milioni 200. Tangu lini aliyeibiwa akasamehewa?

Na wanahabari? Kijiji kikichomwa katika vita vya waasi hapa kwetu, tunasomewa kwamba hali imedhibitiwa na wadau wanashauriana. Machi 2021 waasi walipoishambulia Palma, watu walikimbilia msituni, wengine wakajipakia vyomboni kwenda mji wa Pemba; vichwa vya habari vya dunia vikauliza mradi wa gesi wa Afungi, jirani na Palma, utachelewa kwa muda gani. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma hakutumia lugha hiyo. Tarehe 7 Aprili 2020 alimwandikia mwenzake kwamba amezungukwa na askari. Hajaonekana tena. Mwandishi anayerudia taarifa ya serikali neno kwa neno anashiriki kumficha Mbaruco.

Siasa nayo imetuchosha. Chama cha Frelimo kinatawala tangu 1975. Tulipata rais mzaliwa wa Mueda, hapa hapa mkoani, Filipe Nyusi, na vita hivi vikaanza katika utawala wake, Oktoba 2017. Watu zaidi ya milioni moja wamewahi kuyahama makazi yao. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024, vijana waliopinga matokeo walijibiwa kwa risasi, na mamia wakafa. Wanasiasa hutujia wakati wa kura na fulana, kisha hufunga mikataba tusiyoiona.

Sasa benki zimerudi, safari hii kwa gesi ya Afungi. Julai 2020 zilitia saini mikopo ya karibu dola bilioni 15. Mwezi uliofuata Mocímboa da Praia ikatekwa na waasi. Machi 2025 Benki ya Exim ya Marekani ikathibitisha tena fungu lake la dola bilioni 4.7. Mama wa kijiji cha Quitupo, kilichopisha mradi huo, aliyekuwa akishuka maji yakitoka, kijiti mkononi, kuchokoa pweza na kuokota chaza, amehamishiwa kijiji kipya cha Quitunda. Amepewa nyumba ya tofali, akanyang'anywa ufuo uliomlisha.

Basi tusibembelezwe. Mikataba ya gesi ichapishwe yote, kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, isomwe misikitini, makanisani na sokoni. Hakuna dhamana ya serikali bila kura ya wazi ya Bunge. Aliyetia saini deni la jodari na benki iliyolifurahia wakamuliwe wao mpaka senti ya mwisho. Mvuvi hana deni na mtu.