Kiboksi badala ya kompyuta: kabla shule haijanunua, iulize seva inakaa wapi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, mfumo uliokuwa ukiendesha kompyuta nyingi za mashuleni na maofisini. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Ila hazipati tena kinga ya kawaida dhidi ya wezi wa mtandaoni, na nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kwa shule ya kijijini iliyopewa kompyuta zake kwa msaada, hilo ni pigo. Hapo ndipo anapofika muuzaji na kiboksi kinachoenea kiganjani na kusema: achaneni na makompyuta, nunueni hiki.

Wasikilizaji wetu walio kwenye bodi na kamati za shule, msimfukuze, lakini msisaini haraka.

Chukua simu ya kitochi. Haina nguvu ya kuendesha hesabu za benki, lakini unatumia M-Pesa kwa sababu kazi yote inafanyika kwenye mitambo ya kampuni, mbali na wewe. Simu inaonyesha menyu na kupeleka unachobonyeza, basi. Ikitumbukia kisimani, salio lako lipo palepale. Mtandao ukikatika, una pesa usiyoweza kununulia hata chumvi.

Kiboksi ni hivyohivyo. Unakiunganisha na kioo, kibodi na mausi. Programu na mafaili yote yako kwenye kompyuta moja kubwa inayoitwa seva, na kiboksi kinaletewa picha tu ya kinachoendelea huko.

Faida yake kubwa kwetu vijijini ni umeme. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100 au zaidi, kwa hiyo 20 ni wati 2,000. Kiboksi kisichozidi wati 10, na kioo cha LED cha wati 20, mara 20 ni wati 600. Ongeza seva ya wati 300 uwe na 900. Anayenunua sola na betri anajua maana ya tofauti hiyo. Tena kiboksi hakina feni ya kuvuta vumbi, na mwizi akikibeba hajabeba mitihani wala matokeo.

Sasa swali letu: seva inakaa wapi?

Aina moja inategemea seva ya mbali. Mwaka 2025 Microsoft ilianza kuuza Windows 365 Link, kiboksi cha dola 349 za Marekani. Bila intaneti hakifanyi kazi, na juu ya bei hiyo kuna ada ya kila mwezi kwa kompyuta iliyo kwenye mitambo yao. Ofisi ya mjini yenye intaneti ya uhakika inaweza kuimudu. Shule inayoishi kwa bando, hapana. Tusisahau tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora vibaya Tanzania na kwa majirani. Siku kama hiyo, darasa la namna hii linabaki na vioo vyeusi.

Aina nyingine ni seva kukaa hapohapo shuleni, na waya kwenda kwenye kila meza. Intaneti ikikatika, somo linaendelea. Macedonia, nchi ya Ulaya isiyo tajiri, ilichagua njia ya kugawana mwaka 2007: ilitangaza vituo 180,000 kwa wanafunzi wake, vikitumia vifaa vya NComputing vinavyowezesha kompyuta moja kuhudumia wanafunzi kadhaa, pamoja na mfumo wa bure wa Ubuntu.

Sisi tunaegemea huku, ingawa kuna shimo. Kompyuta 20 zikiwa mbalimbali, moja ikifa zinabaki 19. Seva ikifa, darasa zima limekufa. Kwa hiyo bei ya muuzaji iwe na betri ya akiba ya seva, diski ya pili ya nakala za mafaili, na fundi anayefikika bila kusafiri siku mbili. Kama vitu hivyo havimo kwenye makadirio, unafuu wake ni wa karatasi.

Zipo pia zile kompyuta zilizotupwa stoo. Programu ya bure iitwayo LTSP, iliyoanza mwaka 1999, inaziwezesha kompyuta kuukuu, hata zisizo na diski, kuwaka kwa kutegemea seva. Fundi akazipime kwanza. Huenda zikaokoa bei ya viboksi vyote.

Na muuzaji akija kufanya onyesho, mwombeni achomoe waya wa intaneti mbele ya bodi nzima, kisha mwanafunzi aendelee kuandika.