Habari za Vyuo: Viziwi na Mkuu Wao

Chuo cha Gallaudet, kilichoko Washington, Marekani, ni chuo cha wanafunzi viziwi. Mwaka 1864 Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kukiruhusu kutoa digrii. Lakini kwa muda wa miaka 124 wakuu wake wote walikuwa watu wenye kusikia.

Tarehe 6 Machi 1988 Halmashauri ya chuo ilimchagua Bibi Elisabeth Zinser, asiyekuwa kiziwi wala kuijua lugha ya ishara, hali viziwi wawili walikuwa wakifikiriwa pamoja naye. Wanafunzi wakafunga malango, wakaandamana mjini. Bibi Zinser akajiuzulu, na tarehe 13 Machi akachaguliwa Dr. I. King Jordan, kiziwi aliyekuwa akifundisha hapo hapo chuoni. Halmashauri ikakubali pia kwamba wajumbe wake walio wengi wawe viziwi, na kwamba mwanafunzi yeyote asiadhibiwe.

Dr. Jordan alistaafu mwishoni mwa mwaka 2006. Waliomfuata, Dr. Robert Davila mwaka 2007, Dr. Alan Hurwitz mwaka 2010 na Bibi Roberta Cordano mwaka 2016, wote walikuwa viziwi. Wahenga walinena kweli: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.