Kazi ya Nyumbani ni ya Nani?

Kila muhula mpya unapoanza, wazazi wakutanapo sokoni au kwenye kituo cha basi hubishana juu ya jambo moja. Wako wasemao ya kuwa mtoto akirudi nyumbani bila kazi ya kuandika jioni, basi mwalimu wake ni mvivu. Wengine hujibu kwamba mtoto aliyekaa darasani tangu asubuhi yafaa aachwe afunge ndama, acheze, na ajifunze yale ayapendayo mwenyewe. Pande hizi mbili hubishana sana juu ya wingi wa kazi. Ni mara chache mtu kuuliza kazi hiyo hufanywa na nani, na ni nani aisahihishaye.

Swali hilo si la mzaha. Mtaala mpya wa Kenya, ule wa umilisi, ulipoanza kutumika katika shule zote mwaka 2019, walimu walianza kuwaagiza watoto wadogo kutengeneza vitu nyumbani: picha, vinyago, vifaa vya kupimia. Nia ilikuwa njema, maana mtoto hujifunza kwa mikono. Lakini kufikia mwaka 2021 malalamiko ya wazazi yalikuwa yamejaa kila mahali. Mama atokaye shambani jioni aliambiwa atafute karatasi ya manila kabla ya kupambazuka. Karani aliyechoka aliketi mezani akikata na kubandika, huku mwenye kazi amekwisha lala. Asubuhi mwalimu akatia alama nzuri juu ya kazi ya baba. Mtoto alijifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba wakubwa wana subira nyingi.

Wataalamu nao wamelichunguza neno hili. Mwaka 2006 Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake walikusanya uchunguzi uliofanywa nchini humo tangu mwaka 1987 hadi 2003, wakaupima. Waliona ya kuwa kazi ya nyumbani na kufaulu huandamana zaidi kwa wanafunzi wa darasa la saba na kuendelea. Kwa watoto wa madarasa ya chini uhusiano huo ulikuwa dhaifu. Iko pia kanuni ijulikanayo sana huko Marekani, ya dakika 10 kwa kila darasa: mtoto wa darasa la pili apewe dakika 20, wa darasa la sita dakika 60, basi. Mzazi amwonaye mwanawe wa darasa la tatu akisinzia juu ya daftari saa nne za usiku, tena kwa mwanga wa koroboi, na alikumbuke jambo hilo akutanapo na mwalimu.

Hata hivyo, wale wasemao ‘mwacheni mtoto ajifunze mwenyewe’ nao wana la kujibu. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Madarasa machache yalirudi mwezi wa Oktoba, na wanafunzi wengine wakangoja hadi Januari 2021. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na uhuru wa kujifunza ulikuwa mwingi kuliko wakati wowote. Watoto wengi hawakuwa na redio wala mwanga, na hao hawana lawama. Lakini hata katika nyumba zenye redio na vitabu, wako watoto waliokaa tu. Walikuwa wamezoea kufanya zoezi kwa kuwa limeagizwa na kesho litakaguliwa. Alipoondoka mwagizaji, daftari likafungwa.

Mfano wa aliyefanya kinyume cha hayo ni William Kamkwamba wa Malawi, mwana wa mkulima wa mahindi na tumbaku karibu na Wimbe. Njaa kubwa ya mwaka 2001 na 2002 ilipoipiga nchi hiyo, baba yake alishindwa kumlipia karo, naye akaondoka sekondari akiwa na umri wa miaka 14. Watu wengi huisimulia habari yake kana kwamba alizuka tu na kinu cha upepo. Sivyo. Kwanza alimwendea rafiki yake aliyebaki shuleni, akanakili masomo ya kila siku ili asiachwe nyuma. Kwa ajili hiyo hiyo akaingia katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya hapo. Huko ndiko alikokuta kitabu cha Kiingereza juu ya nguvu za umeme. Kiingereza chake kilikuwa haba, hivyo alitazama michoro kwanza, kisha akayatafuta maneno yake. Akatengeneza kinu kidogo cha kujaribia, kilichotosha redio. Ndipo akajenga kikubwa kwa miti ya mkaratusi, feni ya trekta na dainamo ya baiskeli, taa zikawaka nyumbani kwao. Baadaye alirudi shuleni, na mwaka 2014 akahitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani.

Yaonekana hapo ya kuwa mazoea ya kazi ya shule ndiyo yaliyomfikisha kwenye kitabu ambacho hakuna mwalimu aliyemwagiza. Tena hakukosa msahihishaji: waya ukifungwa vibaya, taa haiwaki. Ajifunzaye historia au hesabu peke yake hana taa ya namna hiyo. Aweza kukosea mwaka mzima akifurahi.

Ndiyo maana masomo kwa posta yaliwafaa watu wengi. Mwaka 1967 chuo kikuu cha Nairobi kilianzisha idara yake ya masomo hayo, yakiambatana na mafunzo ya redio, na miongoni mwa walioyafuata walikuwamo walimu wa shule za msingi waliotaka kujiendeleza bila kuacha kazi. Hakuna aliyewasimamia usiku. Mtu alisoma kwa saa aliyoichagua, akajibu maswali, akatia bahasha posta. Majibu yakarudi yameandikwa makosa yake. Ilikuwa kazi ya nyumbani kamili, na ilikuwa kujifunza peke yake kamili.

Basi mwalimu mwenye wanafunzi sitini asiwape hesabu arobaini asizoweza kuzisoma. Awape tano, azisahihishe zote, na siku moja katika juma awaache walete swali walilolitafuta wenyewe, kama kwa nini maharagwe ya bonde yameoza na ya kilimani hayakuoza. Mzazi naye asishike kalamu. Hata asiyejua kusoma aweza kumwambia mtoto, ‘Hebu nieleze ulichoandika,’ akasikiliza kama maneno yanafuatana. Kisha afungue daftari atazame kama mna wino mwekundu wa mwalimu; akikuta kurasa nyingi zimejaa na wino huo haumo, siku ya mkutano wa wazazi anayo haki ya kuliweka daftari hilo mezani na kuuliza.