Sushi Juja: nyota tano hazipiki wali

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata niongee juu ya tumbo, ingawa mtaona hifadhidata itaturudia tu kabla hatujafika mbali. Kuna swali ninaloulizwa na watu wa Thika Road mara kwa mara: wewe si mtu wa kompyuta, hebu tutafutie mkahawa mzuri wa Kijapani huku kwetu, tusilazimike kwenda mpaka Westlands. Wanaouliza wako Kahawa, Ruiru, Juja, mpaka kule Kenyatta Road. Walionja sushi wakati ofisi ziko mjini na bosi analipa. Sasa wamehamia kwao, kazi wanafanyia mezani sebuleni, na hamu haijawatoka.

Jibu langu fupi: chombo mnachotafutia hakifai, na chakula mnachotafuta nacho si kile ambacho mtaa kama wetu unaweza kukipika vizuri. Jibu refu ndilo hili.

Tuanze na chombo. Google wenyewe wanaeleza kwamba matokeo ya mahali hupangwa kwa mambo matatu: jinsi mahali panavyolingana na ulichouliza, umbali, na umaarufu. Hakuna la nne linaloitwa utamu. Ukiwa Juja ukaandika "sushi karibu nami", mashine haiwezi kukuambia "ndugu, hapa hakuna kitu, kula githeri ulale." Itakutolea jambo. Itakutolea mkahawa wa piza wenye menyu ya kurasa kumi na mbili, na kwenye ukurasa wa kumi na moja, kati ya shawarma na maziwa ya vanila, kumeandikwa sushi. Kwa kompyuta neno limelingana, kazi imeisha. Kwa mtu mwenye ulimi kazi ndiyo kwanza inaanza.

Halafu nyota. Mkahawa mmoja una nyota 5.0 kutoka kwa watu sita, mwingine una 4.3 kutoka kwa watu mia nne. Wengi huenda kwa ule wa tano kamili. Fanyeni hesabu ambayo sisi waandishi wa programu huifanya kila siku: mpe kila mkahawa kura ishirini za bure zenye wastani wa kawaida, tuseme 4.0, kisha ndipo uhesabu. Wa kwanza una 6 mara 5, ongeza 20 mara 4, gawa kwa 26, unapata 4.23. Wa pili una 400 mara 4.3, ongeza 80, gawa kwa 420, unapata 4.29. Mambo yamegeuka. Na huku viungani mikahawa mingi ni ya aina ile ya kwanza, yaani mwenyewe, mkewe, mpwa wake, fundi aliyechora bango, na wateja wawili wa kweli.

Hata hivyo hesabu hiyo haiponyi ugonjwa wenyewe, kwa sababu nyota hazisemi mtu alikuwa akipima nini. Soma maneno, usihesabu nyota. "Mahali pazuri, parking ipo, watoto walicheza." Vizuri sana, lakini huyo amepima bembea. Mimi hutafuta maoni ya mtu aliyelalamika kwa undani. Mtu akiandika kwamba wali ulikuwa umepoa mno na unavunjika, amenifundisha zaidi ya watu hamsini walioandika "yummy".

Njia ninayoipenda ni OpenStreetMap, ile ramani ya watu wa kujitolea iliyoanza mwaka 2004. Pale unaweza kuuliza kwa lebo, cuisine=japanese au cuisine=sushi, ndani ya mduara unaoutaka, na hakuna tangazo la kulipiwa litakaloruka juu ya orodha. Orodha yenyewe itakuwa fupi, wakati mwingine tupu. Mimi napenda orodha tupu. Orodha tupu ni jibu la kweli, na programu nyingi za leo zimetengenezwa zisiweze kulitoa.

Sasa chakula. Watu hudhani sushi ni samaki mbichi. Sushi ni wali. Ni mchele wa punje fupi zinazonata, uliopikwa, ukachanganywa na siki, sukari na chumvi, ukaliwa ukiwa na joto kama la mkono. Samaki ni mgeni juu yake, na anaweza asiwepo kabisa, ukala yai au tango. Kwa hiyo mtihani wa kwanza wa mkahawa ni wali. Pishori yetu ya Mwea ni mchele wa kujivunia, ukoo wa basmati, ukipikwa jirani wa ghorofa ya nne anajua. Lakini sifa yake ni punje kuachana, na sushi inataka punje zishikane bila kuwa ugali. Mpishi anayekunja pishori ndani ya mwani anapigana na mmea. Mwingine hupika asubuhi, hutia kwenye friji, jioni anatoa. Wanga wa wali ukipoa kwenye friji hukauka na kuwa mgumu kama changarawe. Ukiuma ukasikia baridi ya friji, lipa, shukuru, usirudi.

Mtihani wa pili ni samaki, na hapa naomba tusitaniane, kwa sababu hapa mtu anaweza kulazwa.

Neno linalouza sushi Nairobi ni "freshi". Eti samaki ametoka majini leo. Kwa samaki wa kupikwa, sawa. Kwa wa kuliwa mbichi, upya peke yake si ulinzi. Samaki wa mwituni, wa bahari na hata zaidi wa maji baridi, hubeba minyoo, na minyoo haijali samaki ni wa leo au wa jana. Kinachoiua ni moto au baridi kali. Mwongozo wa mamlaka ya chakula ya Marekani unataja nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sufuri kwa siku saba, au kumgandisha kwa nyuzi 35 chini ya sufuri na kumweka hapo saa 15. Friza la dukani linalofunguliwa kila mtoto anapotaka aiskrimu haliwezi kukuhakikishia hilo. Na bakteria ni hadithi nyingine, maana baridi huilaza tu bila kuiua.

Wajapani wenyewe walijua. Samoni tunayoiona leo kama mfalme wa sushi hawakuwa na desturi ya kuila mbichi, kwa sababu ya minyoo ya samoni wa Pasifiki. Ni Wanorwe, katikati ya miaka ya 1980, waliokwenda Japani na kampeni ya kuwashawishi kwamba samoni wao wa kufugwa, anayelishwa chakula maalumu, ni salama. Ilichukua miaka. Yaani kipande kile cha rangi ya chungwa unachokiita cha jadi kina umri wa wengine wetu tunaosoma hapa.

Basi mimi hupiga simu kabla ya kwenda. Mkahawa mmoja huku kwetu, ambao sitautaja, tulizungumza hivi:

"Habari dada, samoni yenu ya sushi mnaitoa wapi?"
"Boss, ni freshi kabisa. Imetoka Kisumu leo asubuhi."
"Kisumu? Samoni?"
"Eeh, ya ziwa."

Nilimshukuru nikakata simu. Ziwa Victoria lina sangara, lina ngege, lina omena, lina mambo mengi mazuri. Samoni haimo. Ama alikuwa hajui anachouza, ama palikuwa na samaki wa ziwani aliyevikwa jina la kigeni, na samaki wa maji baridi ndiye hasa usiyetaka kumla mbichi. Sikumlaumu yule dada, yeye hupokea simu tu. Namlaumu aliyemwachia menyu bila maelezo. Na kumbukeni, mkahawa huo una nyota nzuri sana.

Kuna wanaosema basi tuagize kutoka mjini. Juja iko kama kilomita 36 kutoka jijini. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012 mwendo umekuwa afadhali, lakini jioni ya Ijumaa mnaijua wenyewe. Programu za kuleta chakula hukata mduara wa kilomita chache, kwa hiyo wanaotaka humtuma bodaboda wa binafsi. Tuhesabu kama wahandisi. Mwani uliokunjwa hunyonya unyevu wa wali ndani ya dakika chache ukawa kama ngozi iliyoloa. Wali unapoa. Samaki anafanya kinyume, anapata joto, ndani ya boksi jeusi nyuma ya injini. Vitu viwili ndani ya mkebe mmoja vinavyotaka hali mbili tofauti, na wewe umelipa shilingi elfu mbili na nauli juu. Hakuna sasisho la programu litakalorekebisha hilo.

Sasa kinachoniuma. Juja, mahali pale pale, kuna JKUAT, chuo kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Walimu na wataalamu wa Kijapani wamepita pale kwa miaka mingi. Wanafunzi wetu wamekwenda Japani kusoma wakarudi, na waulizeni walikula nini huko. Sushi walikula mara mojamoja, siku ya pesa. Kila siku walikula kare na wali, tambi za udoni kwenye mchuzi, kuku na yai juu ya bakuli la wali, nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwa chenga za mkate, na vijiti vya kuku juu ya makaa. Hicho ndicho chakula cha Kijapani cha mtaa, na karibu chote kinapikwa moto kabisa.

Tazameni kimoja kimoja mwone kama hakitoshei hapa. Kare ya Kijapani iliwafikia kupitia Waingereza karne ya 19, Waingereza walioitoa India, nasi kare tuliletewa na Wahindi wenyewe, kwa hiyo ni binamu waliopotezana njiani. Kuku wa yakitori ni mshikaki wenye adabu ya chumvi. Na mchuzi wa msingi wa majumbani kule mara nyingi huchemshwa kwa vidagaa vilivyokaushwa. Mama yeyote wa soko la Gikomba akiviona atasema hizi ni omena ndogo za baharini. Mimi nimejaribu mchuzi wa omena iliyokaangwa bila mafuta na kuchujwa, nikatia tambi, na watoto wawili wa jirani wasiopenda omena walimaliza bakuli.

Wenye biashara waliliona hilo zamani. Toridoll, kampuni kubwa ya mikahawa ya Japani, ilipofungua mkahawa Nairobi mwaka 2015 haikuja na sushi. Ilikuja na kuku wa teriyaki. Mtu anayejua kuuza udoni dunia nzima alitazama mji huu akaamua kuku. Sisi huku Ruiru tunafungua ukumbi wenye taa za bluu, tunaagiza mwani wa bei, tunaweka samoni ya Kisumu.

Kwa hiyo nikitafuta mkahawa wa Kijapani huku viungani situmii tena neno sushi. Naandika ramen, udon, katsu, teriyaki. Natazama picha walizopiga wateja, si za mwenye duka. Menyu ikiwa na vyakula vinane tu, moyo wangu unatulia. Ikiwa na mia na sitini, nafunga. Nikifika naagiza supu kwanza, maana ni bei nafuu na haiwezi kudanganya: ama mtu alichemsha kitu kwa saa nyingi, ama alikoroga mchemraba.

Na mwenye hamu ya sushi yenyewe, ambaye haya yote hayajamtoa njiani, apande matatu Jumamosi mchana aende mjini. Akae kaunta, mbele ya mpishi, pale pale wali unapokunjwa. Aagize yai kwanza, kisha jodari, ambaye anavuliwa katika Bahari ya Hindi hii hii yetu, aulize amegandishwa wapi. Mpishi anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa, na atakueleza mpaka chakula kipoe.