Mkono mfupi si laana, wacheni kumlaumu mama

Hebu angalia kidole chako cha kati. Mbona kimetoka kirefu na chembamba, hakikuwa duara kama kitumbua? Utasema ni mfupa. Sawa, lakini huo mfupa uliambiwa na nani urefuke?

Jibu liko tumboni mwa mama. Kwenye wiki ya nne hivi, mikono ya kiinitete huanza kama vivimbe vidogo tu. Ndani yake hutokea gegedu, kitu laini kama kilicho kwenye sikio lako, na baadaye mfupa huchukua nafasi yake.

Sasa fikiria steji ya matatu jioni. Abiria 50 wakipiga foleni, mstari unafika kona ile. Hao hao 50 wakizingira mlango, unapata duara la vurugu. Idadi ni ile ile, umbo ni tofauti. Seli za gegedu ziko hivyo. Zikijua mbele ni wapi na nyuma ni wapi, hujipanga na mfupa hurefuka. Zikikosa mwelekeo, hubaki fupi na nene.

Zinajuaje? Mwaka wa 2011, watafiti Marekani wakiongozwa na Yingzi Yang walionyesha kwa panya kuwa protini iitwayo Wnt5a huwa nyingi kwenye ncha ya mkono unaokua, kisha hupungua ukirudi nyuma. Ni kama harufu ya chapo mtaani: inakozidi, ndiko kibanda kiko. Seli huinusa kupitia protini nyingine, ROR2.

Jeni ya ROR2 ikiwa na hitilafu, mtoto anaweza kuzaliwa na sindromu ya Robinow. Ni hali adimu iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka wa 1969. Mikono huwa mifupi, hasa kati ya kiwiko na kiganja, na vidole pia.

Hapo ndipo stori za mtaani huanza. Eti mama alicheka mlemavu. Eti ukoo wao una laana. Baba naye anafunganya virago, anasema kwao hakuna watu kama hao.

Boss, ngoja kidogo. Aina hii ya ROR2 hutokea mtoto akipata nakala mbili zenye hitilafu: moja ya mama, moja ya baba. Wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa na wasijue wameibeba. Kwa hivyo huyo anayetoroka naye alichangia nusu, na hakuna aliyekosea.

Bila shaka si kila mtu mwenye kimo kifupi ana hali hii. Sababu ni nyingi, lakini laana haimo.

Mimi chuo niliachia katikati, na haya nimeyaelewa. Wewe pia umeelewa. Basi siku ukisikia stori hizo kwa kinyozi au kwenye grupu ya WhatsApp, usicheke na wengine. Waambie kuhusu foleni.