Fulana Nayo Ina Jina

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kukumbushwa kwamba nguo husema. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Na ni jina hilo, yaani msemo uliochapishwa juu ya mji, ambalo limewashughulisha wasomi kwa miaka mingi. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza kazi yake Mombasa mwaka 1887, ndiye aghalabu anayetajwa kuwa mwasisi wa desturi ya kuandika misemo kwenye leso, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Hayo yanafundishwa, na yanastahili kufundishwa. Linaloshangaza ni kwamba fulana ya kijana wa mjini, ambayo nayo ina jina lake kifuani, bado imesimamishwa nje ya mlango wa darasa kana kwamba ni mtoto wa kambo.

Si kwamba fulana haina historia. Mwaka 1984 mbunifu wa mavazi wa Uingereza, Katharine Hamnett, alialikwa kwenye hafla makao ya Waziri Mkuu, Margaret Thatcher. Alifika amevaa fulana yenye herufi kubwa zilizotangaza kwamba asilimia 58 ya watu hawakuyataka makombora ya Pershing. Picha ilipigwa, na picha hiyo ikafika mahali ambapo hotuba isingefika. Afrika Kusini, miaka ya mwanzo ya karne hii, kampuni ya Stoned Cherrie ilichapisha kwenye fulana sura ya Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977. Vijana waliokuwa hawajazaliwa alipokufa wakamjua kwa kumvaa. Hapo pana utata, bila shaka: shujaa wa wanyonge amegeuzwa bidhaa ya duka la fasheni. Hata hivyo, kumbukumbu inayouzwa ni bora kuliko kumbukumbu iliyozikwa.

Nchini Kenya fulana za kisiasa ni za aina mbili, na tofauti yake haimo katika kitambaa. Ipo fulana ya kupewa. Hii hutupwa kutoka juu ya gari la kampeni pamoja na leso na kofia, ikiwa na sura ya mwaniaji, na anayeivaa huivaa kwa sababu ni nguo ya bure. Kisha ipo fulana ya kununua, ile ambayo kijana ameichangia fedha zake chache, akaichapisha mtaani, akaingia nayo barabarani akijua kwamba huenda ikamtambulisha kwa askari. Ya kwanza ni tangazo. Ya pili ni tendo.

Aina hii ya pili ilishuhudiwa Juni 2024, vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Wengi walivaa nyeusi, wakajifunga bendera mabegani. Tarehe 25 waliingia katika majengo ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma hayo. Wakati huo vinywa vya waandamanaji vilinena Kiswahili na Sheng, ilhali vifua na mabango yao, kwa sehemu kubwa, vilinena Kiingereza.

Sababu inaeleweka. Kamera za dunia zilikuwa zikitazama, na Kiingereza husomwa mbali. Lakini je, ujumbe ule ulielekezwa kwa nani hasa? Mama muuza mboga, ambaye kodi ile ingemuumiza kuliko yeyote, alipitwa na maandishi yaliyodai kumtetea. Wala haiwezekani kudai kwamba Kiswahili hakina makali ya kutosha kwa kazi hiyo. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu alichokiita Kenya: Twendapi? na kwa ajili yake akafungwa miaka mitatu. Twendapi ni neno moja. Ndani yake mna mtenda, mna mwendo, mna swali, na mna shutuma. Neno kama hilo linaenea kifuani bila kubanwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba msemo wa leso ni wa mafumbo, na kwamba uanaharakati hautaki mafumbo. Hoja hiyo ina uzito. Mwanamke aliyemvalia jirani yake leso ya vijembe anaweza daima kujitetea kwamba aliikuta tu dukani, na utetezi wa namna hiyo waweza kugeuka woga. Lakini fumbo humlinda pia asiye na wakili. Tena hudumu: kauli inayotaja mswada hufa na mswada wake, ilhali msemo uliofumbwa vizuri huvaliwa tena serikali nyingine inapokosea.

Kazi ya kwanza basi ni ya wanafunzi wa Kiswahili wenyewe: kuzikusanya fulana hizi, kuzipiga picha, kunakili maneno na kuuliza waliozivaa walikusudia nini. Leso ya bibi hukunjwa na kuhifadhiwa sandukuni. Fulana za Juni 2024 hazikupata heshima hiyo. Nyingi zimefuliwa hadi herufi zikabanduka, na baadhi yake sasa ni matambara ya kupigia deki.